Chuma cha Nyuma

Kwa Warundi wa Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, matanga hayaondolewi kimyakimya. Mkubwa wa nyumba husimama mbele ya watu akauliza kama yupo mwenye neno na marehemu: aliyeazima jembe lake asirudishe, aliyegombana naye wasipatane, aliyemkosea. Mwenye neno hulisema hapo, wote wakisikia, ndipo marehemu huachwa aende zake. Ndayambaje alijua kwamba safari hii swali litakuwa lake kuuliza, maana ndiye aliyebaki mkubwa wa nyumba. Alijua pia kwamba jibu liko chini ya kitanda chake, ndani ya gunia la mahindi.

Alikuwa na miaka arobaini na minne, fundi tangu Bujumbura, mrefu, mabega yameinama kama ya mtu anayetafuta nati iliyoanguka. Alivuka mpaka mwaka ule wa maandamano na risasi, pamoja na mdogo wake Jean-de-Dieu, sanduku la spana, na cheti cha ufundi ambacho hakuna aliyewahi kumwomba akione. Nakivale walipewa kipande cha ardhi, turubai, na mahali pa kupanga foleni: ya maji, ya unga, ya kuhakikiwa majina, ya kuambiwa rudini kesho. Jean-de-Dieu alioa hukohuko, akampata Adélaïde, kisha binti yao, Ineza. Ndayambaje hakuoa. Alisema ataoa akishajua anaishi wapi.

Kazi aliipata Ruti, pembeni mwa mji wa Mbarara, kwa Kamaldin, muuza spea kuukuu, mtu wa swala tano na utani wa kutwa nzima. Nyuma ya duka lake kulikuwa na gari dogo la Starlet lililokufa zamani. Paka walikuwa wamezalia kwenye kiti cha nyuma.

"Chukua hiyo maiti," Kamaldin alimwambia siku moja. "Ikifufuka, mimi nitakuwa na taabu ya kueleza msikitini."

Ilifufuka baada ya miezi mitano. Ndugu wawili wakakubaliana: siku sita gari ni la mdogo, la kubeba abiria kati ya Nakivale na Mbarara; siku ya saba ni la mkubwa. Jean-de-Dieu hakuuliza mkubwa atalifanyia nini. Alidhani atakwenda nalo misa.

Ndayambaje alikwenda nalo Biharwe, nje ya mji. Kulikuwa na uwanja mpana wa murram, ile changarawe nyekundu, uliosawazishwa kwa ajili ya majengo yasiyojengwa, na baadhi ya Jumapili watu wenye magari madogo walikutana hapo kushindana na saa. Hawakuwa madereva wa mashindano. Kulikuwa na daktari wa meno, mwalimu wa sekondari, vijana wa wenye maduka, na Kamaldin mwenyewe katika Vitz yake nyekundu. Walipanga matairi yaliyochakaa yawe kona, wakaingia mmoja mmoja, na mtu mwenye saa akasoma sekunde kwa sauti.

Mara ya kwanza Ndayambaje aliingia kona ya pili kwa mwendo mkali, akazungusha usukani, na gari halikukata. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayolivuta gari la namna ile, na ndiyo hayo hayo yanayolielekeza. Yakilemewa na kazi zote mbili yanachagua kwenda mbele tu. Aliyapitia matairi yote ya kona, akasimama kwenye nyasi.

"Mrundi! Kona iko huku!" mtu alipiga kelele.

"Muache, banange! Anarudi kwao. Moja kwa moja mpaka Bujumbura!"

Walicheka, naye akacheka. Lakini wiki nzima alikuwa chini ya magari ya watu huko Ruti akiiwaza ile pua isiyogeuka. Miaka mingi alikuwa amepelekwa na vitu vingine: na mipaka, na orodha, na vipaza sauti vya watu wenye karatasi mkononi. Sasa amepata kitu kimoja kinachokataa kugeuka, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba kukataa huko kunatibika kwa spana.

Dawa haikuwa mbele. Ilikuwa nyuma. Aking'oa kiti cha nyuma gari linakuwa jepesi. Akijaza upepo matairi ya nyuma mpaka yawe kama mawe, yanashika ardhi kidogo. Na akiikaza ekseli ya nyuma isijipinde, mkia unakuwa mwepesi wa kuteleza. Kwa hilo la tatu alikata chuma cha lori bovu, unene wa kidole gumba, akakikunja kwa moto, akakifunga kwenye ekseli kwa bolti nne. Kuanzia hapo gari lilijifunza tabia mpya. Katikati ya kona aliachia mafuta kidogo tu, uzito ukahamia mbele, mkia ukatoka nje kama ng'ombe anayegeuka zizini, pua ikaangalia alikotaka. Hapo hapo alikanyaga mafuta, magurudumu ya mbele yakamvuta na kumnyoosha. Ukiogopa ukaachia mafuta kabisa, au ukagusa breki, mkia hauna wa kuurudisha.

"Wewe Ndaya," Kamaldin alimwambia akitikisa kichwa, "gari yako ina roho mbili. Mimi siwezi kuendesha hii kitu."

"Ni mguu tu, Hajji. Mkia ukitoka, kanyaga."

"Kila mtu ana akili akiona mkia inatoka anaacha mafuta, ssebo. Wewe peke yako ndiyo huna."

Kila Jumapili ya mbio, alfajiri, alilivua gari na kulivalisha vyuma vyake, na baada ya mbio alivitoa: kiti kikarudi, upepo ukapunguzwa, bolti nne zikafunguliwa, chuma kikaegeshwa ukutani. Jean-de-Dieu alipofika Ruti jioni alilikuta gari la abiria, pole, zito, lenye harufu ya dagaa. Ilikuwa hivyo kwa miaka miwili, bila kukosa hata Jumapili moja ya mbio.

Kisha, Jumapili moja ya Aprili, mbio zilipokwisha, ikatangazwa kwamba uwanja wa Biharwe unachukuliwa na mwenyewe. Mbio za mwisho zitakuwa Jumapili ijayo, siku saba tu baada ya zile walizomaliza. Siku hiyo Ndayambaje alikuwa amekuwa wa pili, nyuma ya daktari wa meno kwa nusu sekunde. Alijilaza chini ya gari akaishika spana, akatazama zile bolti. Aliona kama nyuzi zake zimeanza kuliwa kwa kufunguliwa na kufungwa, na bolti za kipimo kile hazikuwepo Mbarara nzima, alikuwa amezitafuta. Akizifungua leo, huenda zisishike Jumapili. Alirudisha kiti, akapunguza upepo, akafuta mikono.

Alikiacha chuma mahali pake.

Jean-de-Dieu alipokuja, alimwambia. Hilo baadaye alilirudia moyoni mara nyingi mno: kwamba alimwambia.

"Nimeacha kile chuma cha nyuma, wiki hii tu. Mvua ikinyesha nenda polepole. Na ukiona nyuma inatoka, usiachie mafuta. Kanyaga."

Jean-de-Dieu alikuwa anakula muhogo wa kuchoma, amejaza shavu. "Mukubwa, mie nabeba bamama na maharage. Sibebi kombe."

"Nisikilize, wewe."

"Nimesikia. Nisiachie." Akamkabidhi nusu ya muhogo, akaingia garini.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, mvua imenyesha tangu alfajiri. Abiria alikuwa mmoja, Ancilla, mwanamke wa makamo anayeuza vitenge, aliyekaa mbele, kushoto. Waliteremka kilima cha murram kabla ya kuifikia lami ya kwenda Masha, mahali barabara inapokata kushoto chini ya mikalitusi. Ancilla alivunjika mkono. Jean-de-Dieu alifia pale pale, mti ukiwa umeingia mlangoni kwake.

Trafiki aliandika mvua na utelezi. Padri alisema saa ya Mungu. Watu waliokuja kumwona Ancilla kitandani walimsikia akirudia neno moja, wakatazamana kwa huruma, wakadhani ni homa.

"Nyuma ilitaka kutupita," alisema. "Tulikuwa tunaenda vizuri. Akashtuka, akapunguza, na nyuma ya gari ikataka kutupita."

Ndayambaje alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi na chupa ya uji. Kati ya wote waliokuwemo, yeye peke yake ndiye aliyeelewa.

Mabaki ya gari yaliletwa Ruti. Aliyazunguka kama alivyozunguka magari mengi yaliyoua. Taa zote mbili za mbele zilikuwa nzima. Pua haikuwa na hata mkwaruzo. Gari linaloteleza kwa sababu ya mvua, gari la kawaida la namna ile, linakwenda mbele tu, linagonga kwa pua. Hili liligeuka likaupiga mti kwa ubavu. Alilala kwenye matope, akaweka spana. Bolti ya kwanza ikafunguka, kisha ya pili, ya tatu, ya nne. Alizifuta kwa kidole gumba, akazigeuza kwenye mwanga. Nyuzi zilikuwa bado nzima. Zingeweza kufungwa na kufunguliwa mwaka mzima.

Alipotoka chini ya gari, Kamaldin alikuwa amesimama hapo, kofia mkononi.

"Iache hapa," Kamaldin alisema taratibu. "Hiyo chuma, nipe mimi, nitaitupa kwa vyuma vingine."

"Hapana, Hajji."

"Sikia, Ndaya. Polisi imeandika mvua. Wewe unataka kuandika nini ingine? Huyo mke wa ndugu yako, sasa hivi nani anamlisha? Ni wewe. Akijua, atakufukuza. Halafu mtoto atakula nini? Haki?" Hakuwa na utani tena usoni. "Hata Mungu anaficha vitu vingine, kwa huruma."

Ndayambaje alijua kwamba alichosema Kamaldin ni kweli. Alikifunga chuma kwenye gunia akaenda nacho Nakivale. Wiki sita alilala juu yake. Asubuhi aliteka maji ya Adélaïde kabla hajaamka. Alimpeleka Ineza shule kwa baiskeli. Majirani walimwambia Adélaïde kwamba Mungu amemwachia shemeji wa dhahabu, naye Adélaïde, ambaye macho yake yalikuwa yamekauka kama udongo wa kiangazi, aliitikia, "Kweli." Kila lilipotamkwa neno hilo, Ndayambaje alitafuta kitu cha kufanya kwa mikono.

Siku ya kuondoa matanga watu walijaa uani tangu saa nne. Wenyewe walikaa mbele: Adélaïde kwenye mkeka na Ineza, na kando yao kiti kimoja cha mbao, cha mkubwa wa nyumba. Chungu cha pombe ya ndizi kiliwekwa katikati, mirija yake imesimama. Ndayambaje aliinuka.

"Yupo mwenye neno na ndugu yangu?" aliuliza. "Aliseme sasa."

Mzee mmoja alisema ana jembe lake, atalirudisha. Kijana mmoja akasema waligombana kwa ajili ya abiria, akamwita mwizi, na hakuwa mwizi. Ancilla, mkono umefungwa shingoni, akasema, "Mie aliniambia, 'Mama, shika sana.' Alikuwa ameshaona. Akaniambia nishike." Akalia, na wanawake wakamshika.

Hakutokea mwingine. Zilibaki sentensi chache za kufunga, kwamba ameondoka hana neno na mtu, na hapo mirija ingeinamiwa. Watu walimngoja. Ndayambaje akawapa mgongo. Akaingia ndani. Walimsikia akiburuta kitu.

Alirudi na chuma mikononi, bila gunia.

"Mimi ninalo," alisema.

Alieleza kama fundi, bila kupamba: kiti, upepo, ekseli, bolti nne, Jumapili. Wengi hawakufahamu mambo ya mkia na pua. Wote walifahamu aliposema, "Kila mara nilikitoa. Mara ile sikukitoa."

Adélaïde hakuinuka. "Alijua?"

"Nilimwambia asiachie mafuta."

"Shemeji." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Jean-de-Dieu alikuwa anaachia mafuta hata akiona kuku. Akiona kifaranga. Humjui mdogo wako?"

"Namjua."

"Ulimjua."

Ndipo aliposimama. Alikichukua chuma kutoka mikononi mwa shemeji yake, na mikono yake mwenyewe ikashuka kidogo kwa uzito asioutarajia. Alikitazama kama mtu anayetazama sura ya mgeni. Kisha akakiweka juu ya kile kiti cha mbao, akarudi kwenye mkeka wake.

Hakumwambia ondoka, wala kaa. Ndayambaje alibaki amesimama kwenye jua, mahali ambapo si pa wenyewe wala pa wageni. Mzee wa jembe alimaliza maneno ya kufunga kwa niaba yake, akayakata mafupi, na hakusema kwamba marehemu hana neno na mtu. Watu wakainamia mirija. Hakuna aliyempa mrija, na yeye hakunyoosha mkono.

Ineza ndiye aliyekwenda kwenye kiti. Alichoka kukaa chini, alitaka kupanda. Alikishika chuma kwa mikono miwili, kikamshinda, akageuka.

"Baba mkubwa, hii ni ya nini?"

"Ya gari," Ndayambaje alisema.

Adélaïde alikuwa anamwangalia shemeji yake, kwa mara ya kwanza tangu aweke chuma kile pale.

"Mjibu vizuri," alisema. "Muda wote ulikuwa unatuangalia unanyamaza. Mwambie ni ya nini, mpaka aelewe."

Ndayambaje alisogea. Akachuchumaa kwenye vumbi mbele ya mtoto, mpaka macho yao yakawa usawa mmoja, na kwa kidole akachora chini magurudumu manne, mawili mbele, mawili nyuma.