Kobe Aliyeelekea Mlimani

Ifikapo Oktoba, kijiji kizima cha Gachoka humngoja kobe. Redio hutabiri, simu hutabiri, maafisa wa kilimo huja na karatasi zao za rangi. Lakini ndengu hazitoki kibuyuni mpaka kobe aonekane. Akielekea mlimani, mvua iko karibu, na watu hupanda hata kwenye vumbi. Akiteremka kuelekea mtoni, rudisha jembe.

Msomaji mkuu wa kobe ni mjomba wangu, mzee wa kanisa. Jumapili humwomba Mungu mvua akiwa amefumba macho. Jumatatu huyafumbua, akaenda vichakani kuthibitisha jibu.

Mwaka huo nilikuwa nimerudi nyumbani kumaliza riwaya. Nilikuwa na sura moja na skafu mbili. Mama alikuwa na kibuyu kimoja cha mbegu za ndengu, zilizosalia baada ya misimu miwili ya ukame. Akizipanda mapema, kwale watazifukua. Akichelewa, mvua ya vuli itakatika mimea ikiwa bado kwenye maua. Nyingine hakuwa nazo.

Asubuhi moja nilimkuta kobe nyuma ya nyumba, akiteremka taratibu. Nilitaka picha yake ya kuwaonyesha waandishi wenzangu wa Meru mjini, ambao hupenda sana kijiji kikiwa mbali. Lakini jua lilikuwa nyuma yake. Nikamwinua. Akanikojolea shati, maji pekee yaliyotoka juu wiki ile. Nikamweka chini akitazama mlima, penye mwanga mzuri, nikapiga picha, nikaingia kubadilisha shati.

Nilipotoka, mjomba alikuwa amesimama pale, kofia mkononi kama yuko mazishini, akimwita mama.

"Dada! Njoo uone! Anapanda mlima huyu, tena kwa haraka!"

"Haraka ya kobe," nikasema.

"Nyamaza, wewe wa vitabu. Haya hayajaandikwa popote."

Nikanyamaza kweli. Kufikia saa sita mjomba alikuwa amefukia mbegu zake zote kwenye vumbi, akiimba. Mama naye alichukua jembe, akaenda shambani.

Siku kumi na mbili zikapita, mbingu nyeupe kama sahani iliyolambwa. Kwale walinenepa. Hatimaye nikamweleza mama ukweli, kwa sentensi ndefu, nzuri, zenye majuto mengi. Alikuwa akichambua mboga, hakuinua macho.

"Nilikuona nikiwa dirishani. Nilipanda mistari mitatu tu, mjomba wako asininunie."

"Mbona hukumwambia?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Akamimina nusu ya kibuyu kwenye karai. Nusu ya kila alichokuwa nacho.

"Mpelekee. Na umwambie kwa mdomo wako. Usimwandikie."

Mjomba alinisikiliza hadi mwisho, akizitazama zile mbegu.

"Kwa hivyo nimepanda kwa sababu wewe ulitaka picha."

"Ndiyo, mjomba. Nisamehe."

"Na kabla hujamshika, alikuwa anaelekea wapi?"

"Mtoni."

Uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyerudishiwa ng'ombe.

"Unaona? Kobe hakukosea!"

Akazifunga mbegu za mama kwenye kitambaa, mafundo mawili.

"Kesho asubuhi uje tumtafute tena," akasema. "Na mikono yako utaiweka mfukoni."