Mkalimani Aliyempa Mgongo Mgeni Rasmi

Sikudhani hakuwa mtu wa kelele. Waliomzoea pale chuoni, kampasi ndogo upande wa Ziwa Kindai, Singida Mjini, watakwambia dada yule anaweza kunywa nawe chai mpaka ikaisha asiseme neno. Lakini umguse kwenye jambo analoliamini, utajuta. Mama yake kule Ihanja alishasema zamani kwamba huyu mtoto ukimwambia hapiti, ndipo anapopita.

Kazi yake ilikuwa ukalimani wa lugha ya alama, na hakuifuata kwa sababu ya cheti. Mdogo wake Amne aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka mitatu. Akapona, masikio hayakupona. Watu wakamwita bubu, na wageni wakija anatumwa mbuzini ili asiwaaibishe wenyeji. Sikudhani alikuwa na miaka tisa na alikataa katakata. Alimkalisha Amne mkekani mbele ya wageni, akamtafsiria kwa alama walizozitunga wenyewe wawili, na shangazi akinuna, na yeye ananuna. Alipomaliza shule akaenda kuisomea lugha yenyewe, akarudi nayo.

Chuo kikamwajiri kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, Kitengo cha Huduma Jumuishi. Jina zito kweli kweli! Ofisi yenyewe ilikuwa stoo ya mafagio. Kwenye ripoti kitengo kilikuwa na watumishi watano, na hao wanne wengine mimi sijui walikuwa wanaishi wapi, maana kazi yote aliifanya Sikudhani peke yake. Wanafunzi viziwi walikuwa wanne. Alisimama nao darasani tangu saa moja na nusu asubuhi, jioni mabega yanawaka moto.

Mmoja wa hao wanne ni Elina, binti wa Misigiri, mwembamba, mwenye akili kama wembe. Mwaka uliotangulia Sikudhani aliomba ruhusa ya siku mbili kwenda msibani Ihanja, na hakuna aliyewekwa badala yake. Katika siku hizo mbili wanafunzi wakaitwa ukumbini, wakatangaziwa kwamba nafasi za mafunzo kwa vitendo zimepatikana, mwisho wa kujiandikisha ni Ijumaa. Ukumbi ukapiga makofi. Elina akaona wenzake wanapiga, na yeye akapiga. Ijumaa ikaja, ikapita. Akarudishwa mwaka mzima kwa tangazo alilolishangilia bila kulijua.

Alipolalamika aliambiwa kwamba tangazo lilitolewa hadharani. Sikudhani aliposikia hilo jibu hakulala. Alimwapia Elina kwa mikono yake yote miwili kwamba halitatokea tena akiwa yeye yupo hai na anasimama.

Sasa mwaka huu chuo kikajenga ofisi mpya ya kitengo, nzuri, ina njia ya kupitisha kiti cha magurudumu, ina kibao cha shaba. Akaalikwa mgeni rasmi kuja kuizindua. Wiki nzima watu wanapaka chokaa hadi mawe. Siku ikafika, ukumbi ukajaa, meza kuu ikavalishwa vitambaa na mashada ya maua marefu kama mtama. Wanafunzi wanne walikaa mstari wa mbele. Sikudhani akasimama pembeni ya jukwaa, amewatazama wao, mikono tayari. Hapo ndipo mkalimani anaposimama, dunia nzima, ili wasiosikia sauti waone mikono na msemaji kwa pamoja.

Mgeni rasmi hajafika hata kwenye salamu, Bwana Antipasi, afisa itifaki wa chuo, akamjia kwa ncha za viatu.

"Dada Sikudhani, unampa mgongo mgeni rasmi."

"Nawatazama wanafunzi, Bwana Antipasi."

"Nenda kasimame nyuma ya ukumbi. Wao watageuka."

"Wakigeuka wao, mgeni rasmi atapewa migongo minne badala ya mmoja. Hiyo ndiyo itifaki?"

Antipasi alikuwa mtu wa heshima zake, tai imemkaba, na kwake yeye mtu kumgeuzia kiongozi mgongo ni sawa na kumtukana. Akamwonyesha kiti nyuma ya maua. "Basi kaa pale, ufanye mambo yako ukiwa umekaa. Wapiga picha wataona mkalimani yupo."

Hilo neno ndilo lililomchoma. Wapiga picha wataona! Kutoka kwenye kile kiti Elina angeona maua tu. Sikudhani akasema, taratibu, "Mimi si pambo la meza."

"Ukae au utoke. Na mkataba wako unaisha mwezi ujao, usijisahaulishe."

Aliogopa, tusidanganyane. Alikuwa anamtunza mama na Amne kwa kazi hiyo. Lakini aliona akikaa nyuma ya maua atakuwa amesaidia kuwadanganya wale wanne, na picha yake itabandikwa kuthibitisha kwamba walihudumiwa. Akawageukia wanafunzi wake, akawaambia kwa alama fupi fupi: Wananitoa. Msipige makofi kwa kitu msichokijua. Kisha akatoka, mlinzi nyuma yake, hadi kwenye kibaraza.

Hotuba ikaendelea. Ilikuwa hotuba ya ujumuishi, na kusema kweli ilikuwa na maneno matamu. Ukumbi ulishangilia kila baada ya sentensi tatu. Mstari wa mbele vijana wanne wamekaa mikono mapajani, kimya, wanamtazama mgeni rasmi machoni. Yeye mwenyewe alianza kuwaona. Kila makofi yakipigwa, macho yake yanawarudia wale wanne, na sauti inapungua kidogo.

Alipomaliza, mshereheshaji akauliza kama kuna mwanafunzi mwenye neno la shukrani. Elina hakulisikia swali, ila aliona hotuba imekwisha, akasimama. Akapanda jukwaani bila kuitwa, akaamkia kwa kupiga goti kama alivyofundishwa kwao Misigiri, kisha akaanza kuzungumza kwa mikono.

Ukumbi mzima ukapigwa na butwaa. Mkuu wa kampasi anatabasamu, hajui anatabasamia nini. Mshereheshaji ameshika kipaza sauti, akakisogeza karibu na vidole vya Elina, jamani, karibu na vidole! Elina akaendelea tu, anasema yake, na watu mia nne wenye masikio mazima hawaelewi hata neno moja. Mgeni rasmi akainama kwa jirani yake, jirani akatikisa kichwa. Ndipo akauliza kwa sauti.

"Mkalimani wenu yuko wapi?"

Antipasi akatoka mbio kibarazani.

"Njoo haraka, dada yangu, tunaaibika."

"Nasimama wapi?" Sikudhani akauliza.

"Popote. Njoo tu."

Akaingia bila kukimbia. Akapita kile kiti, akapita maua, akasimama mbele, amemtazama Elina, mgongo wote kwa meza kuu. Elina akaanza upya. Sasa, mkalimani hasemi "huyu anasema hivi". Anaazimisha ulimi tu, akitafsiri "mimi", ni mimi ya mwenye maneno. Kwa hiyo ukumbi ukasikia sauti ya Sikudhani, shwari:

"Shikamoo, mgeni rasmi. Mimi sina shukrani, nina ombi. Mwaka jana nilipiga makofi hapa hapa, nikapoteza mwaka. Leo umesema mengi na sijui hata moja, kwa sababu aliyekuwa aniambie mmemtoa nje. Naomba uirudie hotuba yako tangu mwanzo."

Antipasi akadaka kipaza sauti kusema muda hauruhusu. Mgeni rasmi akamzuia kwa kiganja. Alionekana amekasirika, ila haikujulikana kwa nani. Akajibu "Marahaba, binti," akakusanya karatasi zake, akairudisha ya kwanza juu, akasoma zote. Pilau ilipoa jikoni. Ukurasa wa tatu ulikuwa na tangazo kwamba wenye mahitaji maalumu wapeleke majina ya vituo wanavyovitaka kwa mafunzo ya vitendo, mwisho Ijumaa saa tisa. Elina akaandika. Wenzake watatu wakaandika.

Jumatatu Sikudhani akakuta barua mezani. Ajieleze, ndani ya siku saba, kwa nini asichukuliwe hatua kwa makosa mawili: kumpa mgongo mgeni rasmi, na kumwamuru mgeni rasmi arudie hotuba.

Hakungoja hizo siku saba. Aliandika siku hiyo hiyo, akaipeleka masjala kwa mkono wake. Jenipher, karani wa pale, ni binti anayempenda Sikudhani, akaisoma kwanza kwa sauti ndogo:

"Kosa la kwanza ni langu na nitalirudia kila nikiwa kazini. La pili si langu. Yale ni maneno ya Elina, nami siwezi kujisifia nayo. Mkitaka kumhoji, mwiteni yeye mwenyewe. Mtahitaji mkalimani."

Jenipher akaiweka chini. "Dada, shikamoo tena. Si ungeomba radhi tu? Mwezi ujao ndio mkataba."

"Marahaba, mdogo wangu. Gonga muhuri wa kupokelewa. Na kwenye nakala yangu ugonge pia, nina kipindi saa nne."