Ndoo ya Waingereza na Kadi ya Spesiyoza

Siku yangu ya kwanza kazini nilifiwa na waume wanne. Nilikuwa mkalimani katika ofisi ya kusajili wakimbizi hapa Kigoma, miaka ile Warundi walipokuwa wakivuka mpaka kwa makundi, na kanuni ya kazi ilikuwa kusema kwa nafsi ya kwanza. Mjane akisema "nimefiwa", nami niseme "nimefiwa", si "anasema amefiwa". Ofisa Mkuu wa Mahojiano, Mwingereza mrefu asiyependa kupoteza muda, alinirekebisha mara mbili asubuhi ile.

"Humu ndani wewe ni mdomo tu," aliniambia. "Usiongeze lako hata neno moja."

Mimi ni mzaliwa wa Kalinzi, mkoani humuhumu. Kiha ndiyo lugha ya mama yangu, na Muha na Mrundi husikilizana bila taabu. Kiingereza nilikipata shuleni kwa masista. Kilichonitesa ni misemo. Mvua ikipiga bati, wakubwa zangu walisema inanyesha paka na mbwa. Mtu akifa, walisema amepiga ndoo teke. Maneno ya namna hiyo hayafasiriwi moja moja. Unachukua maana, ndoo unaiacha ilipo. Lakini mimi ni mdadisi tangu utotoni, na siku moja wakati wa chai nikawauliza hiyo ndoo ilitoka wapi.

Ningejua nisingeuliza. Ofisa Mkuu alisema ni ndoo aliyosimamishwa juu yake mtu wa kunyongwa. Msaidizi wake, Mwingereza pia ila wa upande mwingine wa nchi yao, akasema hapana, kwao ndoo lilikuwa jina la boriti ya kuning'inizia nguruwe wa kuchinjwa, naye huirushia mateke hadi anakata roho. Kila mmoja aliapa kwamba ameyasikia kwa babu yake. Walibishana mpaka chai ikapoa, na kwa siku mbili hawakusemeshana vizuri.

Wiki hiyohiyo akaja Spesiyoza na mwanawe Deo, mwanamume mzima mwenye ndevu. Watu wa familia walihojiwa mmoja mmoja, kisha majibu yakalinganishwa. Yakipatana, wanaandikwa kwenye kadi moja na kupelekwa kambi moja. Yasipopatana, kila mtu na kadi yake, na kambi hazikuwa jirani. Spesiyoza alisema walikimbia baada ya nyumba yao kuchomwa. Deo alisema waliiacha imesimama, moto wakauona wakiwa tayari mlimani. Waliitwa ndani pamoja kupewa uamuzi. Ofisa Mkuu akatoa kadi mbili. Mama yule hakujua kusoma, ila kuhesabu mpaka mbili alijua. Alimshika mwanawe mkono, akanitazama mimi.

Nilipandwa na hasira.

"Mkuu," nikasema kwa Kiingereza, "haya ni maneno yangu. Juzi mlitofautiana ndoo ilitoka wapi. Kwamba aliyeipiga teke amekufa, hamkutofautiana. Hawa wanatofautiana nyumba iliungua lini. Kwamba ni mama na mwanawe, na walitoka pamoja, hawajatofautiana hata mara moja."

Msaidizi aliinamia karatasi zake. Ofisa Mkuu aliirudisha kadi moja sandukuni, kisha akaandika majina mawili kwenye ile iliyobaki. Halafu akanigeukia.

"Umesema sawa," akasema. "Lakini kesho mtu akizungumza hapa, nitajuaje kama ni yeye au ni wewe?"

Swali hilo ninalo mpaka leo.

Spesiyoza aliniuliza kwa Kirundi nimemwambia nini mzungu. Kwa kanuni, kila lililosemwa chumbani mle nilipaswa kumfasiria. Nilimwambia tulikuwa tunazungumza habari za ndoo.

Jumatatu nikahamishiwa mwaloni, kuita majina ya watu walioshuka kwenye boti. Chumba cha mahojiano sikukiingia tena mpaka nilipostaafu. Iliniuma sana, sitaficha.

Sasa naishi Katubuka, hapahapa Kigoma, na vijana wanaosomea ukalimani hunijia kuuliza. Nawafundisha alichonifundisha Ofisa Mkuu: wewe ni mdomo tu, usiongeze lako. Nawaambia hivyo kwa sababu naamini hivyo. Wakiniuliza kama najuta, nawajibu kwamba ningerudishwa kwenye kiti kile, na kadi zile mbili mezani, ningesema tena. Naye angekuwa na haki ya kuniondoa tena.