Pepo Aliyetaka Pugu

Mie nilikuwa maarufu kabla sijang'oka meno ya utoto. Watu walitoka Kawe kwa miguu mpaka Temeke kuja kunitazama, kwa sababu kichwani mwangu, ati, alikaa pepo wa kiume, mzee, mwenye sauti ya kukwaruza. Baba ndiye aliyekuwa mganga, na kibali cha ngoma kutoka bomani kwa Mwingereza alikuwa nacho. Na pepo yule, baba mwenyewe ndiye aliyemtunga, wallahi, neno kwa neno.

Kila siku ya ngoma alinifungia jikoni na pilipili kavu zikiungua juu ya makaa, nikohoe mpaka koo lichubuke. Hivyo ndivyo sauti ilivyopatikana. Nikisahau maneno alinifinya pajani, pale kanga inapofunika, huku anawachekea watu. Nilimchukia. Nasema wazi, maana siku hizi naambiwa mzazi ni mzazi. Thubutu!

Mama alikuwa ameshafariki. Bibi, mama yake mama, alikuja kutoka Pugu mara tatu kuniomba, na mara zote tatu baba alimjibu palepale uani, "Huyu mtoto haondoki hapa mpaka nife." Nikamwona bibi anajifuta macho kwa pindo la kaniki yake. Nikajua asiponichukua nitafia jikoni mle.

Sasa, ngoma ya pepo ina kanuni yake. Pepo akishapanda huulizwa anataka nini, na akikitaja mbele ya watu hakikataliwi, hata kiwe kigumu namna gani. Baba alinifundisha hilo kwa makofi, maana kila alichotaka pepo kilikuwa cha baba.

Siku moja ya ngoma pilipili zilikuwa zimekwisha, hakunifukiza. Ilikuwa baada ya adhuhuri, uwanja umejaa, bibi kasimama nyuma kabisa. Ngoma zikakolea, nikatetemeka, nikaanguka. Baba akainama na chetezo cha ubani. "Bwana mkubwa, unataka nini?" Nilitakiwa kusema shuka jeupe na majogoo mawili.

"Nataka Pugu," nikasema. "Mtoto huyu alale kwa bibi yake leo hii. Na wewe usimguse tena."

Sauti ilitoka ileile ya kukwaruza, bila moshi. Mpaka leo sijui ilitoka wapi.

Watu hawakushtuka, mapepo hutaka mengi. Aliyeshtuka ni baba. Yeye peke yake alijua kwamba maneno yale hakunifundisha, wala halikumpitia akilini kwamba mtoto anaweza kuyatunga mwenyewe. Miaka yote watu waliamini, yeye haamini. Siku ile akaamini. Akapiga magoti mchangani, baba yangu mzazi, akaniambia, "Shikamoo."

"Marahaba," nikamjibu. Magharibi ilinikuta Pugu.

Hakuja kunitazama hata siku moja. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, nilipoitwa kwamba yu taabani. Nilikwenda na hasira zangu zote, nimejiandaa kumwambia: ilikuwa mie, mtoto wa miaka minane, nimekuchezea shere mbele ya Temeke nzima. Nikaketi kitandani, nikamshika mkono. Ulikuwa mwepesi na wa baridi, nikaanza kuusugua.

Akauchomoa taratibu, akageukia ukutani.

"Bwana mkubwa," akaniuliza, "mwanangu umempeleka wapi?"