Msibani Wapo?

Enzi zetu basi lilijulikana kabla halijaonekana. Nyie mliokulia Mbagala ya wakati ule mtanielewa, maana wanangu nikiwasimulia huangaliana na kucheka. Tulikuwa tukikaa barazani kwetu, barabara ya Kilwa iko pale mbele, tunafumba macho na kushindana kutaja gari linalokuja kwa mngurumo wake. Kumbakumba, yale mabasi marefu yenye kiungo cha mpira katikati, yalikuja yakihema. Chai maharage, vile vigari vya mabenchi ambamo abiria walikaa wakitazamana kama wako mezani, vilitangulizwa na kelele za mabati. DCM, basi la ukubwa wa kati, ilipiga mluzi ikipunguza mwendo. Bingwa wa mchezo huo nilikuwa mimi, na haukuwa ujanja. Baba yangu alikuwa dereva wa njia ile, na injini nilianza kuzisikiliza kabla sijajua kusoma.

Mama hakupendezwa. "Mtoto wa kike na mabasi!" alikuwa akisema huku ananisuka, kichwa changu amekibana kwa magoti. "Utaolewa na usukani wewe?" Baba alicheka na kusema mwacheni Zuhura, nikizeeka mimi ataniendesha yeye. Mchana tulichukua kamba ndefu, tukaifunga ncha mbili pamoja, tukaingia ndani yake watoto sita saba, hilo ndilo basi. Mfuniko wa sufuria ulikuwa usukani. Nauli ilikuwa jani la mwembe, na asiye na jani alishushwa bila huruma. Tukichoka tulisimama kwenye mti wa mkwaju kununua mihogo ya kukaanga yenye chachandu, iliyofungwa kwenye karatasi za madaftari ya shule, na mara nyingine ulimaliza muhogo ukakuta hesabu za mwenzako aliyepata sifuri.

Gari la Baba liliandikwa mgongoni "Newala Kwetu", kwa sababu ndiko tulikotoka. Akipita mbele ya nyumba alipiga honi mbili fupi, na Mama alijua kwa honi hizo kama ainjike chai sasa au asubiri safari moja zaidi. Zilikuwa zinapigwaje hata zikasema hayo, mpaka leo sijui. Nilimuuliza Mama akasema hayo yalikuwa mambo yao.

Masika fulani Baba alirudi mapema, akasema kichwa kinamuuma, akalala. Hakushika usukani tena. Homa ilimchukua haraka kuliko tulivyoweza kuelewa sisi watoto, na kama ilivyo kwetu Waislamu akazikwa siku ileile aliyofariki. Ninachokumbuka zaidi ni magari. Madereva na makonda wa njia nzima walikuja, wakayaegesha kando ya barabara, moja nyuma ya jingine, mpaka hukuuona mwisho wa mstari. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliyaona mabasi yote yamenyamaza. Niliogopa kuliko nilivyoogopa jeneza.

Ndugu zetu wa kusini walichelewa. Wakati ule barabara ya kusini ikinyesha haikuwa barabara, na Rufiji ilivukwa kwa pantoni, pantoni ikiamua kuvusha. Basi wakaja kwa mafungu, leo shangazi, keshokutwa wajomba, wiki inayofuata jirani wa Newala na kuku wake. Kila mmoja akipanda gari mjini alimwambia konda, "Nishushe msibani," na konda wa njia ile hakuhitaji kuuliza msiba gani. Hivyo kila gari lilipokaribia kwetu sauti ilitoka mlangoni, "Msibani wapo?" Akiwapo mtu alijibu, "Wapo!" Konda aligonga bodi, gari likasimama mbele ya nyumba yetu, mahali ambapo kabla ya hapo halikuwahi kuwa na kituo.

Arobaini ikapita, wageni wakaisha, makonda hawakuacha. Mama alikuwa ndani ya eda, hatoki, na kila gari lilipopita ile sauti ilipenya dirishani na kumkuta pale alipo. Alilia. Mwisho akamtuma mjomba akawaambie waache, kwa nini wanamtonesha. Kesho yake akaja konda mmoja wa makamo, aliyefanya kazi na Baba gari moja, tuliyemwita Mjomba Kipara. Hakuweza kuonana na mwanamke aliye edani, akasimama nje ya mlango, pazia katikati.

"Mama Zuhura, pole," alisema. "Sie hatuitii ubaya. Pale pana mtu wetu. Tukinyamaza, gari litapitaga tu, kama hapajawahi kukaa mtu."

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu na Mama, nikaona anavuta uzi kwenye upindo wa kanga.

"Haya," akasema. "Iteni."

Tangu siku hiyo waliita, na Mama akawa anajibu. Hakupaza sauti. Akiwa anachambua mchele, au anakuna nazi, ikisikika nje "Msibani wapo?" yeye alisema polepole, "Tupo," halafu akaendelea na kazi yake. Mimi na wadogo zangu tulidhani ni mchezo, tukawa tunajibu naye.

Jina likaota mizizi. Kwanza lilikuwa la makonda, halafu likawa la watu wote, hata wale waliohamia baadaye na hawakujua msiba ulikuwa wa nani. Wengine waliapa kwamba zamani palikuwa na makaburi. Madalali wa vyumba walilichukia, kwani nani apange Msibani? Waliwaambia wateja pale panaitwa Makutano, na mteja aligundua siku ya kuhamia, godoro liko kichwani. Mwalimu wa darasa letu aliniuliza nakaa wapi, nikamwambia Msibani, akanipa pole na kuniruhusu nirudi nyumbani. Nami nikarudi kweli! Simu za mkononi zilipoingia, jirani yetu mmoja aliyechelewa kazini alimpigia bosi wake akasema, "Niko Msibani, gari hakuna." Bosi alimwambia apumzike wiki nzima, na jirani, mtu mcha Mungu, alisema hakudanganya hata neno moja.

Na Shangazi Somoe, dada yake Baba. Alikuja kututembelea miaka kadhaa baadaye, mzima, ana furaha, na furushi la korosho. Konda akamwambia kwa heshima zote, "Mama, Msibani tumefika, shuka." Shangazi akatupa furushi, akashuka mikono kichwani, analia jina la Mama. Majirani waliposikia kilio nao wakatoka wanalia, maana hakuna anayeuliza kwanza. Mama akatoka jikoni, mwiko mkononi, anauliza kafa nani. Walipoelewana walikaa chini palepale mchangani wakacheka, halafu wakalia kweli, wakikumbatiana, na sisi watoto tukaokota korosho.

Nayasema haya kwa sababu jina lile lilikuwa ndicho kitu pekee alichobaki nacho Baba hapa mjini. Makaburi alikozikwa yalijaa, kaburi juu ya kaburi, na mti tuliouwekea alama ukakatwa. Mwaka mmoja tulikwenda kumsomea dua tukazunguka mpaka tukachoka, hatukumwona. Mama akasimama langoni akawasomea wote. Tulipokaribia nyumbani konda akauliza, Mama akajibu yeye mwenyewe, kwa sauti, "Tupo! Shusha!" na nikaona uso wake unalegea. Baba alikuwa hapo.

Sasa yamekuja mabasi mapya. Sitaki kuwadanganya wasomaji wangu, nimeyapenda. Mwanamke mwenye mvi, mwalimu wa watu, nimetoka kwangu Kibamba mpaka Mbagala kwa ajili ya kuyaona tu, nikapanda mwanzo wa njia mpaka mwisho, nikarudi, nimesimama nyuma ya dereva kama nilivyosimama nyuma ya Baba. Milango inafunguka yenyewe na kutoa pumzi. Yana njia yao katikati ya barabara, hakuna wa kuyachomekea. Injini yanayo, lakini ukifumba macho hujui lipi ni lipi, yote yanavuma sauti moja. Ndani kuna sauti ya mwanamke iliyorekodiwa, safi, haina mafua, inataja kituo kinachofuata. Vijana wamekaa na visikilizio masikioni, wanaiuliza simu washukie wapi, na simu inawaambia. Kwa afya yangu na miguu yangu, nayashukuru mabasi haya. Yale ya zamani yamepelekwa njia za ndani huko, na moja nimelikuta limeng'olewa magurudumu, ndani yake wanauza chipsi.

Ila vituo vyao ni vichache. Kipo kimoja kabla ya kwetu na kimoja baada ya kwetu. Pale mbele ya nyumba pana uzio na ukingo wa zege, na Msibani haimo popote.

Mama bado yuko palepale. Macho yake yameingiwa na mtoto wa jicho, yote mawili, lakini masikio ni mazima. Nilikwenda kumwona baada ya mabadiliko hayo, nikamkuta barazani amekaa wima, kama mtu anayesubiri mgeni.

"Zuhura," aliniambia hata kabla sijamaliza shikamoo, "siku hizi hawaniiti."

Nilimweleza. Mabasi mapya hayana makonda, Mama. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anasikiliza habari za nchi nyingine.

Daktari alikuwa ameshasema macho yafanyiwe upasuaji, na kwamba tukizidi kukawia hata huo upasuaji hautasaidia. Hospitali iko mjini. Nikasema nikodi bajaji, akasema mgongo wake hauwezi mwendo wote ule, na ni kweli hauwezi. Basi jipya lingetufikisha kama tumekaa sebuleni. Mama akakataa.

"Halinijui lile," alisema. "Litanipitisha kwangu, nami nikae kimya? Kama hapajawahi kukaa mtu?"

Yalikuwa maneno ya Mjomba Kipara, aliyekwisha kufa zamani. Nilikuwa nimeyasahau, yeye hakuyasahau. Nilibembeleza juma hadi juma. Wadogo zangu walipiga simu, mjukuu wake akaja kumchekesha, hakutaka. Nilikuwa naona jinsi anavyopapasa ukuta kwenda chooni na moyo ulikuwa unaniuma. Siku moja nikajikuta nasema, "Mama, panda. Tukifika kwetu nitakuita mimi."

Aligeuza uso wake kwangu. "Utaita? Ndani ya basi la watu?"

"Nitaita."

"Konda mwanamke," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu magari yaondoke alicheka.

Tukaenda. Kituo cha upande wa mjini ndicho kilikuwa karibu, hivyo wakati wa kwenda hatukupita mbele ya nyumba. Jicho la kwanza likafanyiwa kazi salama. Wakati wa kurudi nilifanya makusudi tusishuke pale tulipopandia, twende mpaka kituo cha mbele, ili basi litupitishe kwetu. Mama alikaa dirishani, jicho moja limezibwa kwa pamba na plasta, la pili ukungu mtupu. Mkono wake ulikuwa juu ya wangu. Hakuona chochote nje, alikuwa ananisubiri mimi.

Niliiona nyumba inakuja. Ndani palikuwa kimya, baridi ile ya mashine, watu wameinamia simu zao. Miaka yote nimesimama mbele ya madarasa yenye makelele, lakini kimya kile kilinishinda. Nilifikiri, nitaonekana mwendawazimu. Halafu nikausikia mkono wa Mama unanibana.

"Msibani wapo?" nikaita.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Vichwa vikanyanyuka. Dereva akanitazama kwenye kioo.

"Tupo!" akajibu Mama.

Enzi zetu konda angegonga bodi na gari lingesimama. Hili halikusimama. Uzio ulipita, baraza likapita, mahali pa mkwaju wa muuza mihogo, usiokuwapo siku nyingi, napo pakapita. Ile sauti safi ikataja kituo kinachofuata, jina zuri tu, halina kosa.

Kiti cha mbele yetu alikaa msichana wa chuo, begi mapajani. Alitoa visikilizio masikioni, akageuka. Nilijiandaa kwa kicheko.

"Shikamoo bibi," alisema. "Samahani, kuna msiba wapi?"

"Marahaba. Kwangu, mjukuu wangu," Mama akamwambia. "Wa mume wangu. Alikuwa dereva wa njia hii."

Msichana hakuuliza ni lini. Aliliona jicho limefungwa plasta, aliona kanga, akasema kama alivyofundishwa kwao, "Pole sana, bibi."

Mlango ulitoa pumzi, ukafunguka. Nilimshika Mama mkono asimame. Alitulia kidogo, akalitafuta bega la yule msichana kwa vidole mpaka akalipata.

"Nimeshapoa, mwanangu," alisema, na tukashuka.