Chekeche Nilichokitoa kwa Soda

Nakumbuka soda ile, mwanangu, na hasira yake haijanitoka. Nilikuwa na karakana ndogo hapa Kisenyi, natengeneza mashine za kusaga unga wa posho. Mahindi yenye unyevu yaliziba chekeche cha kila fundi isipokuwa changu. Nilitoboa matundu kwa mshazari, nikakipinda kidogo katikati. Niliharibu mabati miaka miwili kabla ya kukipata.

Wakaja wageni wa kampuni kubwa, yenye matawi nchi nyingi, tabasamu mpaka masikioni. "Fundi, wewe ni hatari! Tuonyeshe."

Na sisi Kisenyi mtu akisimama kutazama kazi, unamwonyesha. Kuficha ni uchoyo. Wakapima, wakapiga picha. Kisha ikaja soda, chapati, na karatasi ya kusaini. Unajua Kampala ilivyo, hakuna mkutano usio na karatasi ya mahudhurio. Nikasaini huku natafuna.

Mwaka uliofuata mashine yao ikafika madukani, chekeche changu ndani. Mjinga mimi nikafurahi, nikawaita majirani waje kuona! Haikupita wiki, wakili wao akaja na karatasi ile: niache kutengeneza, ubunifu wote nimewapa. Sahihi ni yangu, na doa la mafuta ya chapati.

Nikakimbilia kwa Hajji Musa, aliyenifundisha ufundi. Nilitaka anionee huruma.

"Wangebeba jenereta yako ungepiga kelele mtaa mzima," akasema. "Kichwa chako umewafungashia mwenyewe!"

"Hajji, sikujua kama kichwa ni mali."

"Wao walijua, ssebo. Unadhani walipanda ndege kufuata mabati? Na kutoboa mshazari ulifundishwa na nani?"

"Na wewe, Hajji."

"Basi umesaini na cha kwangu. Uliniuliza?"

Nikamwomba radhi, nikarudi karakanani.

Sikiliza, mwanangu. Kampuni hizo hazitajiriki kwa majengo. Zinatajirika kwa vitu visivyoshikika: maarifa, michoro, jina, akili za mafundi kama sisi. Wazo lako lichore daftarini, andika na jina la aliyekufundisha, ulipeleke likasajiliwe kabla mgeni hajaliona. Karatasi usiyoielewa, nenda nayo nyumbani. Lakini mwanafunzi wako usimfiche kitu. Tukiacha kufundishana, hao watakuwa wametumaliza kweli.

Mimi chekeche kile sikitengenezi tena. Nikikigusa dukani, muuzaji ananiuliza kama nataka kununua.

Mungu akujaze mawazo, mwanangu, na akupe mkono mzito wa kusaini.