Bi Mkubwa kaolewa tena: Dobi na wivu wa gari lake la umeme

Saa mbili asubuhi pasi imeshashika moto, na dobi anayejulikana mtaani kwa jina la Mstari amelaza mezani suruali ya sare. Ananyunyiza maji, anakunja, anakandamiza. Mvuke unapanda hadi kwenye miwani yake. Ghafla mkono unasimama.

Nje, gari dogo jeupe linapita mbele ya duka. Ni la umeme, halina mngurumo, na wapita njia wengi hawalisikii mpaka liwafikie mgongoni. Mstari amelisikia. Analisindikiza kwa macho hadi linakata kona.

“Kitambaa kitaungua,” anasema mkewe, anayepanga mashati kwenye rafu. Hageuki hata kumtazama.

Kwa miaka minne gari hilo lilikuwa la Mstari. Leo ni la mwanyumba wake, yaani mume wa mdogo wa mkewe. Hapo ndipo yanapoanzia yote.

Mstari ana umri wa miaka 51. Alianza kazi akifua majumbani mwa watu, akitembea na sabuni yake mfukoni. Jina alipewa na wateja, wanaosema suruali ikitoka mikononi mwake mstari wake unakata mkate. Alipofungua duka alipeleka nguo kwa baiskeli, na mashati yaliyotoka yamenyooka yalifika yamejikunja kama majani makavu.

Gari la umeme lilikuja kwa mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa. Madobi wenzake walimcheka, wakamwuliza atalichaji kwa pasi au kwa betri za redio. Yeye alijua alichokitafuta. Halikuwa na moshi wa kunukisha nguo wala mtetemo wa kuzikunja. Aling'oa kiti cha nyuma, akafunga bomba la kutundikia mashati, na kutoka wateja kumi na tano akafikisha arobaini.

Kila Jumapili aliliosha mwenyewe kwa taulo laini. Mkewe ndiye aliyelibatiza jina la Bi Mkubwa.

“Mimi ndiye niliyeolewa kwanza,” anasema mama huyo akicheka, “lakini mwenzangu ndiye anayeogeshwa kila wiki.”

Mwaka jana, kwenye makutano ya barabara, lori la matofali lilishindwa kusimama. Likamsukuma Bi Mkubwa ubavuni hadi akapanda ukingo wa barabara. Mashati ya hoteli yalitapakaa lami nzima. Mstari alitoka na bega lililoteguka; mlango ambao ungemponda ulijikunja, ukaishia hapo.

“Alinikinga,” anasema, na kwa mara ya kwanza anaiweka pasi chini. “Mtu akikukinga hivyo, unamsahau?”

Mkaguzi wa bima aliinama, akatazama uvunguni, akaona sanduku la betri limepasuka. Alisema kulitengeneza ni gharama kubwa kuliko kulilipia. Mstari alitia saini kwa mkono wa kushoto, akapokea malipo, akatibu bega, akawafidia wateja, akamaliza deni la kikundi. Winchi ya kampuni ya bima ilipolivuta gari, aliingia ndani akafunga mlango. Akajua yameisha.

Hayakuisha. Miezi mitano baadaye, mwanyumba wake, muuza mayai anayeitwa Trei, alikuja dukani bila kupiga hodi, anang'aa usoni. Alikuwa amelikuta gari kwenye yadi ya magari mabovu, akalinunua, fundi akabadilisha sehemu ya betri iliyoumia. Bomba la mashati lilikuwa limeondolewa. Mahali pake palikuwa na trei za mayai hadi darini.

“Nikasema kaka atafurahi,” Trei anakumbuka. “Gari limebaki ndani ya familia.”

Mstari alitabasamu, akampa mkono, akampongeza. Kisha akaenda uani akakaa juu ya beseni lililopinduliwa.

“Niliona wivu,” anasema bila kuzungukazunguka. “Wivu wa kweli, wa kukosesha mtu chakula. Gari lililokuwa likinukia wanga na sabuni, sasa linanuka banda la kuku. Na limezoea! Linamtii kama halijawahi kunijua.”

Mkewe hakumwonea huruma. Alimwambia kwamba talaka ametoa mwenyewe na mahari amerudishiwa, sasa anamchungulia mtalaka wake dirishani kwa lipi.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo mkewe hakulijua. Gari la aina ile huunganishwa na simu ya mwenye nalo, na Mstari hakuwahi kulitenganisha. Kwenye simu yake Bi Mkubwa alikuwa bado wake. Aliona amelala wapi, ana chaji kiasi gani, amefungwa au yu wazi. Trei alimwomba mara kadhaa aliachie gari kwenye simu yake ili naye aliunganishe na ya kwake. Mara Mstari alisema amesahau neno la siri, mara mtandao unasumbua, mara simu ni mbovu. Simu ilikuwa nzima, na asubuhi jambo la kwanza lilikuwa kumtazama Bi Mkubwa.

Siku moja walikutana wote kwa mama mkwe kula chakula cha mchana. Trei akaanza kulisifia gari, jinsi mayai yanavyofika bila hata moja kupasuka. Mstari, simu ikiwa chini ya meza, alibonyeza honi. Trei akatoka kutazama, akarudi, akaendelea na sifa. Honi ikalia tena. Alipotoka mara ya tatu chakula chake kilikuwa kimepoa, na Mstari alikula vizuri siku hiyo kuliko siku zote.

Hapo angeishia, yangekuwa ya kucheka. Hakuishia hapo. Simu humruhusu mwenye gari kuweka kikomo cha kuchaji, na yeye akakiweka nusu.

“Nilitaka asiende naye mbali,” anasema. Anatazama meza. “Ndiyo hivyo. Sikuwa na sababu nyingine.”

Trei hakujua lolote. Aliona tu kwamba gari hata likichajiwa usiku kucha, asubuhi chaji haipandi kupita nusu. Akadhani betri iliyotengenezwa imeanza kufa. Kisha siku aliyokuwa akimpeleka mama mkwe kliniki ya macho, chaji iliwaishia kwenye mlima, jua la mchana likiwa utosini. Mama alikaa pale kando ya barabara, kitambaa kichwani, mpaka msaada ulipofika. Kliniki ilikuwa imeshafungwa.

Wiki hiyo Trei alikuja tena dukani. Safari hii alipiga hodi. Alisimama karibu na meza ya pasi, kofia mkononi, akazungumza kwa sauti ya chini.

“Kaka, nimeshindwa. Betri imekufa. Nimepata mtu wa kulikatakata auze spea, kesho anakuja. Nikaona nikuage kwanza, maana wewe ndiye uliyelipenda.”

Mstari alizima pasi. Lori lilishindwa kumwua Bi Mkubwa, na sasa alikuwa anauawa kwa kidole cha Mstari mwenyewe. Angeweza kurudisha kikomo kimyakimya, gari likapona kwa muujiza na heshima yake ikabaki. Alifikiria hivyo, na hakatai. Kilichomshinda ni lile neno, kwamba mtu huyu amekuja kumuaga.

“Si betri,” alimwambia. “Ni mimi.”

Akaweka simu mezani, akamwonyesha kikomo, akamwonyesha na honi. Trei aliiweka kofia mezani. Hakupandisha sauti.

“Mama alikaa juani, kaka,” alisema. “Aliniuliza kama nilikosa pesa ya kulichaji. Nikaona aibu.”

Mstari alimjibu kwamba atakwenda kumweleza yeye mwenyewe, na jioni hiyo alikwenda. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama kwa binti yake pia ana vitufe vya namna hiyo. Mpaka leo akimwona humwita “mwenye honi” mbele ya wajukuu. Mstari anasema ni haki yake, na kliniki amempeleka yeye, kwa teksi ya kulipia.

Kabla ya Mstari kwenda kwa mama mkwe, wanaume hao wawili walifanya jambo moja pale mezani. Mstari alibonyeza kitufe cha kuliachia gari. Simu ikamwuliza kama ana uhakika. Akavua miwani, akaifuta, akabonyeza tena.

Sasa kila Alhamisi, siku ambayo Trei hana mayai, bomba linarudishwa na mashati yanapelekwa. Trei anaendesha. Mstari anakaa kiti cha abiria, mikono mapajani, akijizuia kusema kona hii punguza. Anaweka akiba kwa ajili ya gari jingine la umeme, na ameshachagua rangi: yoyote isiyo nyeupe.

Wivu umekwisha?

“Haujaisha,” anasema, akiichukua tena pasi. “Umepata adabu tu.”

Ile programu ya gari hajaifuta kwenye simu. Kila asubuhi bado huifungua kwanza, na skrini humjibu kwa maandishi madogo katikati ya weupe: Huna gari. Ongeza gari.

“Nakuja,” huiambia, kisha huenda kuwasha pasi.